AJALI NI YA SIKU MOJA, GARAMA NI YA MAISHA YOTE



Leo tunataka kusema juu ya jambo moja ambalo watu hawapendi kulisema. Ni jambo la mutu anayeumia vibaya na hafi. Mutu akikufa, sisi wote tunajua kazi yetu: tunakusanyika, tunachanga feza, tunalia, tunazika, tunamaliza kilio. Lakini mutu aliyevunjika mugongo ndani ya shimo la mugodi, ao aliyekatwa muguu kisha kugongwa na kamio, huyo anarudi nyumbani, na kilio chake hakina siku ya kumalizika. Juma la kwanza nyumba inajaa watu. Kisha miezi sita anabaki muke wake, mama yake, na binti mumoja aliyetolewa masomoni. Hapo ndipo hesabu ya kweli inaanza, na hapo ndipo hakuna tena mutu wa kuhesabu.

Sisi tunasema wazi: jamaa nyingi za Kongo haziangushwi na ajali yenyewe. Zinaangushwa na miaka inayofuata, kwa sababu hakuna aliyeipanga. Waliopashwa kulipa wanajua kuhesabu vizuri sana. Sisi tulioumia hatuhesabu, tunashukuru tu.

GARAMA NI NINI?

Watu wanafikiri garama ni karatasi ya lopitali. Hapana. Karatasi ya lopitali ni mulango tu. Ni kweli, mulango huo ni muzito: wote tunajua wagonjwa waliopona na kuzuiliwa lopitali wiki nyingi kwa sababu deni halijalipwa. Lakini mulango ukifunguliwa, safari inakuwa mbele.

Mutu ambaye miguu imekufa sababu ya mugongo, anapashwa kugeuzwa kitandani kila saa mbili, muchana na usiku, la sivyo vilonda vinafungua nyama mpaka mufupa, na vilonda hivyo ndivyo vinavyoua. Anahitaji godoro nzuri. Anahitaji mupira wa kutolea mukojo, ulio safi, na dawa siku mukojo unapoingia vijidudu. Anahitaji kiti cha magurudumu, na sisi tunajua barabara zetu: magurudumu hayo hayaoni miaka mingi. Nyumba yenye ngazi inakuwa gereza, na choo cha shimo kinakuwa adui.

Mutu aliyekatwa muguu anahitaji muguu wa kutengenezwa. Watu wanafikiri unanunuliwa mara moja. Uongo. Muguu huo unachakaa kama kiatu, na kila kisha miaka michache unabadilishwa. Kama ni mutoto, anakua na muguu haukui, basi unabadilishwa mara nyingi zaidi. Mutoto wa miaka saba aliyeumia leo, mutu anayehesabu muguu moja tu amemuibia mutoto huyo miguu yote inayokuja.

Tena kuna garama ambayo hakuna duka linaloiuza, na kwa hiyo watu wanaihesabu kuwa bure. Ni kazi ya yule anayemutunza. Muke alikuwa na meza yake sokoni, sasa meza imefungwa. Binti alikuwa anasoma, sasa anabeba maji na kufua mashuka. Kwa ajali moja nyumba inapoteza mishahara miwili: wa yule aliyelala na wa yule anayemugeuza. Nani amewahi kumuuliza mama huyu: kazi yako ya mwezi ni feza ngapi? Kama tungemulipa mutu mwingine kuifanya, tungejua mara moja kama si bure.

SHERIA IKO, LAKINI IMELALA

Wengine wanasema: inchi yetu haina sheria ya mambo haya. Si kweli. Tarehe 29 Juni 1961, siku moja mbele ya uhuru wetu kutimiza mwaka, serkali ilitia sahihi sheria iliyounganisha kese tatu za wakati wa Wabeleji kuwa kese moja ya taifa, INSS. Tangu mwaka 2018 kese hiyo inaitwa CNSS, na sheria yake ya leo ni ile ya tarehe 15 Juli 2016. Patron anapashwa kulipa 1,5 kwa mia ya mushahara kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi. Mutumishi hakatwi hata franka moja kwa tawi hilo. Basi mutumishi aliyeumia kazini haombi zawadi. Anadai kitu ambacho kazi yake yenyewe imekwisha kukilipia.

Tena mwaka 1964, mukutano wa kazi wa mataifa, kule Geneva, ulifanya mapatano namba 121 juu ya watu wanaoumia kazini. Kongo ni kati ya inchi zilizoyakubali. Mapatano hayo yanasema mutu aliyeumia anapashwa kupewa viungo vya kutengenezwa, na kufanyiwa vipya vinapochakaa. Yanasema vilevile kama mutu asiyeweza kuishi pasipo mukono wa mwingine kila siku anapashwa kupata nyongeza. Wakubwa wa dunia nzima walikwisha kujua kama kazi ya yule mama anayemugeuza mugonjwa ni kazi. Sisi wenyewe tu ndio tunaoisahau.

Lakini sheria ni kama jembe ukutani: hailimi yenyewe. Patron asiyeandikisha watu wake anajua kama hawatamushitaki. Patron mwingine anawakata watu mushahara kila mwezi kwa pensheni, na feza haifiki kese. Siku ya ajali mutumishi anasikia: jina lako halimo. Ndugu, usingoje siku hiyo. Uliza namba yako leo, ukiwa na miguu miwili ya kukupeleka kuuliza.

NA WALE WALIO INJE YA SHERIA?

Hapa ndipo uchungu mukubwa. Watu wengi wa Kongo hawana patron. Wachimbaji wa mashimo ya Kolwezi, Likasi na Kipushi, wanaochimba kwa mikono cobalt na shaba inayoendesha magari ya dunia, hawana mushahara wa kukata. Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliwaangukia na zaidi ya watu 40 walikufa. Hesabu ya wafu inasomwa redioni. Hesabu ya wale wanaotolewa chini ya udongo wakiwa wazima, lakini bila muguu, ao na mugongo uliovunjika, nani anaisoma? Muchuuzi ananunua kilo za mawe, lakini hanunui mifupa iliyovunjika wakati wa kuzitoa. Hiyo inabaki kwa mama wa muchimbaji.

Hivyo hivyo watu wa moto. Katika miji yetu kijana anachukua moto asubuhi ili alishe watoto, na jioni analetwa juu ya mbao. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila chombo cha motere kinachotembea barabarani kinapashwa kuwa na asiransi ya kulipia watu wanaoumizwa nacho. Na mwaka 2015 sheria ingine ilifungua kazi hiyo kwa makampani mengi, si SONAS peke yake. Lakini ngapi zinatembea bila karatasi? Polisi anaona, anachukua kidogo, anafungua njia. Kile kidogo anachokula ni lopitali ya mutu atakayegongwa kesho.

FEZA YA MARA MOJA NI MUTEGO

Sasa tufike penye shida kubwa. Mara nyingi kisha ajali, mutu wa kampani ao mwenye gari anakuja na uso wa huruma. Anakuta jamaa imechoka, lopitali inadai, watoto wana njaa. Anaweka meza­ni bahasha na karatasi. Anasema: tumalize neno kindugu. Baba anatia kidole, na neno limemalizika kweli, lakini kwa upande wao tu.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kijana ana miaka 30, na bahasha ni dolari 5.000. Kijijini feza hiyo ni mulima. Lakini kijana huyu anaweza kuishi miaka 30 ingine, ndio miezi 360. Gawanya: haifiki dolari 14 kwa mwezi, kwa chakula chake, dawa yake, mupira wake, kiti chake na mutu anayemutunza. Mulima umekuwa kichuguu. Na huo ni wakati ambao hakuna mjomba aliyekopa, wala ukuta wa nyumba ulioanzishwa na kuachwa katikati.

Tena feza yenyewe inakufa. Wazee wetu wanakumbuka: mwaka 1967 tuliacha franka tukapata zaire, mwaka 1993 zaire mpya moja ikachukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani, mwaka 1998 tukarudi kwa franka, na franka moja ilikuwa zaire mpya 100.000. Mutu aliyeandikiwa feza ya kila mwezi mwaka 1980, na hakuna aliyeipandisha, alibaki na karatasi ya kuwashia moto. Kwa hiyo malipo ya mulemavu yanapashwa kuwa ya kila mwezi, tena yapande pamoja na bei ya sokoni. Malipo yasiyopanda ni kifo cha polepole.

WANAOTUPINGA

Wa kwanza anasema: kupanga mambo ya ajali ni kuita balaa. Tunamujibu: mutu anayeezeka nyumba mbele ya mvua hakuita mvua.

Wa pili anasema: sisi Waafrika tuna jamaa, jamaa ndiyo asiransi yetu. Neno hili ni zuri na tunaliheshimu. Lakini jamaa ni nani? Tukiangalia vizuri, ni mwanamuke mumoja na mutoto mumoja. Wengine wote ni wageni wa siku ya kwanza. Kama jamaa ni asiransi, basi ichange kila mwezi kama asiransi, kwa kitabu na kwa majina. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wa tatu anasema: mulemavu akae tu, Mungu atamuona. Hapana! Tarehe 3 Mei 2022 inchi yetu iliweka sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Fundi aliyekatwa muguu bado ana mikono. Goma kuna Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu, ambako watu wanafundishwa kusimama tena. Feza inayomusimamisha mutu ni nafuu kuliko feza ya kumulisha akiwa amelala miaka 30.

TUNALOSHAURI

1. Siku ya ajali, chukua karatasi ya polisi, majina ya walioona, na karatasi ya munganga. Kwa ajali ya kazi, lazimisha patron aitangaze kwa CNSS upesi. Weka kopi nyumbani, usizitoe zote.

2. Usitie sahihi wala kidole mbele munganga hajasema ni nini kitakachobaki kisha kupona. Ukipewa kidogo kwa kusaidia chakula na dawa, andikeni kama ni musaada, si mwisho wa neno.

3. Jamaa ikae chini na daftari. Andika mambo ya kila siku, ya kila mwezi, ya kila mwaka, na yale ya kisha miaka mitatu ao mine. Andika na mushahara wa yule anayetunza. Daftari hilo ndilo utakalolipeleka kwa sendika, kwa avoka na mbele ya tribinali. Kitabu cha sheria za raia, makala 258, kinasema mutu aliyemuumiza mwingine kwa kosa lake anapashwa kulipa hasara. Lakini juji hawezi kulipisha hasara ambayo hakuna aliyemuonyesha.

4. Kama mumepewa feza ya mara moja, igaweni mafungu matatu: la kulipa deni la lopitali, la kununua kitu kinachozaa feza kila siku, na la kuweka kwa siku ya kubadilisha muguu ao kiti. Na litolewe kwa sahihi ya watu wawili, mumoja awe mugonjwa mwenyewe. Ameumia mugongo, hakuumia akili.

5. Wachimbaji, watu wa moto, wamama wa soko: likilimba yenu ni nzuri, lakini inalipa kwa zamu, na ajali haifuati zamu. Fanyeni kese ya pili ya ajali, ndogo, isiyoguswa. Tangu tarehe 8 Februari 2017 kuna sheria ya mitielle inayowaruhusu watu kuungana namna hiyo.

TUNALODAI

Tunadai serkali iangalie kama majina ya watumishi yameandikwa kweli, na feza iliyokatwa imefika. Tunadai wale wanaonunua mawe ya wachimbaji wachange kwa ajili ya mifupa ya wachimbaji. Tunadai malipo ya walemavu yapande na bei ya sokoni. Na tunadai kazi ya yule anayemutunza mugonjwa ihesabiwe kwa feza, kwa kila tribinali na kwa kila kese.

Ndugu, hakuna inchi inayokuwa kubwa kwa kuacha watu wake walioumia nyuma ya mulango. Chukueni daftari. Hesabuni mbele hamujahesabiwa.