Paa Lile Si la Wapenzi

Vijana wenzangu wa kalamu, kuna ugonjwa umetuingia. Tukiona kitu cha zamani na kizuri, mara tumeshakimbilia mapenzi. Hebu chukueni madaraja ya mbao yenye paa ya wilaya ya Madison, jimbo la Iowa, Marekani. Yataje tu mbele ya watu, utajibiwa: "Aa, yale ya Clint Eastwood na Meryl Streep!" Basi, historia imeishia hapo. Robert James Waller alitoa riwaya mwaka 1992, sinema ikafuata 1995, mpiga picha akapendana na mke wa mkulima siku nne, watu wakalia. Na paa je? Eti liliwekwa wapenzi wapate pa kujificha!

Hapana bwana. Paa lile liliwekwa kwa hesabu. Boriti za daraja ni ghali, na mti ukilowa na kukauka, ukilowa na kukauka, mwisho wake ni kuoza. Wakubwa wa wilaya ile katika karne ya 19 wakaona ni nafuu kubadilisha mbao za paa na kuta kuliko kubadilisha boriti. Ndiyo siri yote. Kile tunachokisifu kwa uzuri kiliwekwa pale ili kioze badala ya kingine.

Na hesabu ilijibu. Daraja la Imes lilijengwa mwaka 1870, na mpaka leo lipo. Cutler-Donahoe ni la mwaka huohuo; mwaka 1970 lilihamishiwa katika bustani ya mji wa Winterset. Lakini madaraja hayo yalikuwa 19, leo yamebaki sita. Yale 13 hayakukosa paa wala uzuri. Paa peke yake halikutosha.

Sasa tuje kwenye ugomvi wangu. Daraja la Cedar lilijengwa na Benton Jones mwaka 1883. Mwaka 2002 likachomwa moto. Likajengwa upya kwa kufuata ramani ya zamani, likafunguliwa 2004. Mwaka 2017 likachomwa tena, vijana watatu wakashtakiwa. Mafundi wakarudi, na mwaka 2019 likasimama kwa mara ya tatu. Wajuaji wanasema hilo si daraja tena, ni nakala, ni bandia.

Kwani la kweli lilikuwa lipi? Daraja la namna hii, tangu siku ya kwanza, ni kitu cha kubadilishwa ubao kwa ubao. Anayedai kila ubao uwe wa 1883 anadai daraja lililoachwa bila matengenezo, na daraja la hivyo lilishaanguka zamani. Najua, kuungua usiku mmoja si sawa na kukarabatiwa kidogo kidogo. Kazi ya mikono ya Jones mwenyewe imepotea, na hiyo ni hasara kweli. Lakini alichokijua Jones hakikuungua. Kilipita kwenye ramani, kikaingia mikononi mwa seremala wa leo. Huyo seremala ni bandia?

Sisemi Waller alikosea. Riwaya ni riwaya, na huenda bila umaarufu ule fedha za kujenga upya zisingepatikana. Ninaowalaumu ni sisi tunaosoma riwaya tukadhani tumesoma daraja. Tunajua majina ya wapenzi wasiokuwepo duniani, na jina la Benton Jones aliyekuwepo hatujapata kulisikia!

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumewasifu sana wajenga ukuta. Mziba ufa hana hata ubeti mmoja. Basi kijana, ukitaka kuandika juu ya daraja la zamani, waache wapenzi wapite. Muulize aliyepanda juu ya paa na nyundo, ubao gani uliooza, nani aliyelipa, na mwaka ujao atalipa nani.