Farasi wa Jangwani na Punda wa Hanga

Katika majimbo makavu ya kusini-magharibi ya Marekani, kama vile Arizona na New Mexico, si ajabu kukuta shamba la farasi mahali ambapo majani ni haba na mvua ni ya kubahatisha. Mwanafunzi wa Hanga, mkoani Ruvuma, aonaye nyasi ndefu na misitu ya miombo kila masika, ana haki ya kuuliza: mbona sisi wenye malisho tele hatuna farasi? Wapo wanaojibu upesi kwamba ni umaskini, au kwamba babu zetu hawakujua kufuga. Jibu hilo ni la uvivu, na yafaa lifutwe ubaoni.

Farasi haishi kwa majani peke yake. Misitu ya miombo ni makao ya mbung'o, na mwaka 1895 Daktari David Bruce, akifanya kazi katika nchi ya Wazulu, alionyesha kwamba mdudu huyo ndiye aenezaye vijidudu vya nagana. Farasi akishikwa na nagana hukonda, huvimba miguu na tumbo, kisha hufa.

Adui wa pili ni mdogo zaidi: usubi, arukaye tangu jua linapokuchwa hadi alfajiri. Huyu hubeba virusi vya tauni ya farasi. Farasi mia wasio na kinga wakiugua, sabini au hata tisini na tano huweza kufa. Mwaka 1854 na 1855 ugonjwa huo uliua farasi wapatao 70,000 huko Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 1916 askari wapanda farasi wa Jenerali van Deventer walifika Kondoa Irangi wakiwa wamepoteza wanyama wao kwa wingi mno, hata vita vikaendelea kwa miguu na kwa mabega ya wapagazi wa Kiafrika. Kule Arizona mbung'o hawapo. Usubi wapo, lakini virusi hivyo havijapata kufika Amerika. Basi tofauti ya Hanga na jangwa lile si bidii ya wafugaji.

Mtu atasema kuna chanjo. Ni kweli, lakini virusi hivyo ni vya aina tisa, chanjo hurudiwa, na farasi hufungiwa bandani kila jioni. Tajiri wa utalii huko Arusha aweza kugharimia hayo. Mkulima wa mahindi na tumbaku hawezi, wala sioni sababu ya kumshawishi.

Mnyama wa kumfaa yupo, nasi tunamdharau hata kumfanya tusi. Punda aliyeugua tauni hiyo mara nyingi hupona. Nagana humpata pia, lakini kwa kawaida huistahimili kuliko farasi. (Punda milia naye amejikinga kwa njia yake: jaribio lililochapishwa mwaka 2019 huko Uingereza lilionyesha kwamba farasi waliovishwa vazi la milia walitulikiwa na nzi wachache kuliko waliovaa vazi la rangi moja.) Lakini punda huzaa polepole, kwani mimba yake huchukua takriban mwaka mzima, tena kwa kawaida mtoto ni mmoja. Ndiyo maana biashara ya ngozi zake ilitishia kummaliza, hata Tanzania ikasimamisha uchinjaji wake kwa miaka kumi mnamo Desemba 2021, na Umoja wa Afrika ukaipiga marufuku biashara hiyo barani kote Februari 2024.

Marufuku haitoshi iwapo punda aliyebaki anaharibiwa kwa kazi. Mara nyingi hufungwa nira ya ng'ombe, naye hana nundu ya kuizuia. Nira humkwaruza shingo mpaka kidonda. Nguvu ya punda i kifuani. Anahitaji mkanda mpana upitao mbele ya kifua, ulioshonewa kitambaa laini kwa ndani, na kwa mizigo ya mgongoni shogi zilizosawazishwa pande zote mbili, pasipo uzito kukaa juu ya uti wa mgongo. Mkanda huo waweza kushonwa kwa magunia na mpira wa gurudumu kuukuu. Mwalimu wa fizikia anayefundisha kani na kanieneo aanze na mkanda huo: nira nyembamba na mkanda mpana vikivuta mzigo uleule, ni kipi kitachubua ngozi, na kwa nini?