Chai ya Artemizia Isituchelewesha Kupima Damu



Mvua zikianza, huku Kibenga karibu na ziwa mbu huongezeka na homa hubisha hodi. Jibu la wengi ni chai ya artemizia. "Ni dawa ya Wachina, inapoza," wanasema. Sawa, inapoza. Lakini je, inaponya?

Wachina huyaita majani haya qinghao. Katika tiba yao ya asili kila mmea una tabia ya joto au ya baridi. Qinghao ni chungu na ya baridi, hutumika kutoa joto mwilini. Tabibu Ge Hong, karne ya 4, aliagiza majani yalowekwe katika maji, yakamuliwe, kisha maji yake yanywewe. Hakusema yachemshwe. Mtaalamu Tu Youyou alizingatia hilo, akaepuka moto mkali, na mwaka 1972 kundi lake likapata artemisinini. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Wanafunzi, zingatieni: aliwaheshimu wazee kwa kusoma walichoandika, kisha akapima.

Sisi tunachemsha konzi la majani bila kujua kipimo. Homa hushuka, vimelea vikabaki katika damu, na mtoto akazidiwa usiku. Tena vimelea vikizoea dawa kidogo kidogo, hujenga usugu. Tayari dalili zake zimeonekana Rwanda na Uganda. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema halipendekezi chai hiyo kutibu malaria. Hapa Burundi, klorokwini ilishindwa, na baada ya mlipuko mkubwa wa malaria wa 2000 na 2001 tukaingia dawa mseto zenye artemisinini mwaka 2003. Hizi nazo zikishindwa, tutakimbilia wapi?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila maradhi yana dawa yake. Ametufundisha pia kwamba anayetibu bila kujulikana kwa elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara. Basi kina mama na kina baba, mtoto akipata homa apimwe damu siku hiyo hiyo. Tangu 2006 serikali imeondoa malipo ya matibabu kwa walio chini ya miaka 5. Akikutwa na malaria, amalize dozi yote. Na chandarua kisikunjwe kabatini.

Kutafuta tiba sahihi hakupunguzi tawakkul. Mtoto ni amana.

Wabillahi tawfiq.