Gari lililotumika: Soma vyeti kabla ya kuhesabu fedha

Mavuno yanapokwisha na fedha za vitunguu swaumu, maharage na mifugo zinapoingia mifukoni, soko la magari yaliyotumika nalo huchangamka katika wilaya za Mbulu na Hanang. Mfanyabiashara wa Daudi aliyekuwa akikodi usafiri kila siku ya mnada huanza kutafuta Noah, Probox au Canter yake mwenyewe. Kwa wengi huo ndio uwekezaji mkubwa kuliko wote watakaoufanya kwa miaka mingi, na fedha zenyewe mara nyingi ni za ukoo mzima au ni za mkopo. Lakini swali la kwanza ambalo mnunuzi humwuliza dalali ni moja tu: gari hilo ni namba gani?

Swali hilo lina maana yake, ila si la kwanza. Herufi za kibao cha namba hutolewa kwa mfuatano, hivyo gari la namba E limesajiliwa nchini baada ya lile la namba D. Basi, ni hayo tu. Gari lililotengenezwa mwaka 2008 likisajiliwa leo litapata namba mpya kuliko gari la mwaka 2014 lililosajiliwa miaka mitano iliyopita. Namba inaeleza siku gari lilipoingia katika vitabu vya Mamlaka ya Mapato (TRA), haielezi limetembea kilomita ngapi wala limegongwa mara ngapi. Hata hivyo, sokoni herufi hiyo moja hupandisha bei. Kwa maoni yetu, hapo ndipo mnunuzi mdogo anapoumia, maana analipia kibao wakati kilicho na thamani ni historia ya ukaguzi.

Tuanze na Japani, kwa kuwa ndiko yanakotoka magari mengi tunayoyaona barabarani. Nchini humo gari dogo la binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima miaka mitatu baada ya kusajiliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili. Gari dogo la mizigo, kundi ambalo Probox nyingi za mizigo zimo, hukaguliwa baada ya miaka miwili ya kwanza, kisha kila mwaka. Tangu mwaka 2004 kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi huandikwa kwenye cheti. Gari linapofutiwa usajili ili lisafirishwe nje, hupewa hati ya kusafirisha, na hati hiyo nayo huwa na kilomita za ukaguzi wa mwisho. Kwa hiyo karatasi zipo. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi hawaziombi, au wakizipata wanaangalia mhuri tu.

Mhuri unasema kwamba siku fulani gari lilifaulu. Faida kubwa imo katika kulinganisha cheti kimoja na kingine. Tuchukue mfano: ukaguzi wa mwaka wa tano unaonyesha kilomita 52,000, wa mwaka wa saba kilomita 81,000, na leo dashibodi inaonyesha 68,000. Hapo hakuna haja ya kubishana na dalali, kwani kilomita zimerudishwa nyuma. Mfano mwingine ni gari lililokuwa likitembea kilomita 9,000 kwa mwaka, kisha ghafla likasimama kwa miaka miwili bila ukaguzi wowote. Huenda mwenyewe aliugua au alisafiri. Huenda pia liligongwa likawekwa pembeni. Pengo la namna hiyo si ushahidi wa kosa, lakini ni sababu ya kuuliza, na pia ni sababu ya kupunguza bei.

Kwa magari yaliyonunuliwa minadani Japani, ipo vilevile karatasi ya mnada. Humo mkaguzi wa mnada hulipa gari alama, kwa mfano 4 au 3.5, na herufi R kwa lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari lenye XX kwenye mlango si lazima likataliwe. Lakini ukiuziwa gari ukaambiwa ni safi kabisa, kisha karatasi ikawa na R, hesabu ianze upya.

Uingereza nako, ambako Land Rover kadhaa za huku kwetu zilitoka, gari hukaguliwa kila mwaka likishafikisha miaka mitatu. Huko matokeo ya tangu mwaka 2005 yanasomwa bure kwenye intaneti kwa kutumia namba ya gari: kufaulu, kufeli, kilomita au maili, na maonyo ya mkaguzi. Maonyo hayo ndiyo ya kusomwa kwa makini. Gari lililofeli mara moja kwa sababu ya breki, likatengenezwa na kufaulu wiki hiyohiyo, lilikuwa na mwenyewe anayelijali. Lile lililofaulu miaka mitatu mfululizo huku kila mwaka likionywa kuhusu kutu ya chasisi, lilikuwa na mwenyewe aliyesubiri kulisukumia kwa mwingine. Asiwe wewe.

Pamoja na hayo, msomaji asidanganyike kwamba cheti kinaeleza kila kitu. Ukaguzi wa Uingereza hauhusu hali ya injini, klachi wala giaboksi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) nalo hutazama kama gari linafaa kutembea barabarani kwa usalama, halitoi dhamana kwamba injini itadumu. Mwezi Aprili 2021 TBS ilianza kukagua magari hayo yakishafika Dar es Salaam badala ya kule yanakotoka. Hivyo angalia cheti kilitolewa lini na wapi, na uhakikishe namba ya chasisi kwenye cheti, kwenye kadi na kwenye gari lenyewe ni ileile.

Jambo zito zaidi ni kwamba historia hiyo mara nyingi hukatika bandarini. Gari lililotunzwa kwenye lami ya Japani kwa miaka tisa linaweza kumalizwa kwa misimu miwili ya mvua katika barabara za udongo za nyanda za juu, likibeba abiria na magunia kupita uwezo wake, wala hakuna karatasi itakayosema hivyo. Desemba 3, 2023 maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh na kusomba watu, nyumba na mali. Gari lililokumbwa na maji na matope ya namna ile linaweza kuoshwa likang'aa, na vyeti vyake vya Japani vikabaki safi vilevile.

Hivyo basi, ushauri wetu ni huu. Gari lenye kasoro zilizoandikwa ni bora kuliko gari linalong'aa lisilo na karatasi, kwa sababu kasoro inayojulikana ina bei yake: shokapu zina bei, breki zina bei, bodi ina bei. Kasoro usiyoijua haina bei, na ndiyo inayomaliza mtaji. Pale historia ilipokatika, miaka hiyo ihesabiwe kuwa ya kazi ngumu mpaka muuzaji aonyeshe vinginevyo, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Kisha mlipe fundi wako mwenyewe, asiyelipwa na dalali, alitazame gari likiwa halijawashwa tangu asubuhi na alipandishe mlima likiwa na mzigo. Ujira wa fundi ni mdogo sana ukilinganisha na bei ya injini.

Kwa wale ambao tayari wana magari, jambo hili ni biashara pia. Nunua daftari la kawaida. Kila unapobadilisha oili, breki au mkanda, andika tarehe, kilomita na kazi iliyofanyika, kisha ubandike risiti. Siku ya kuuza, daftari hilo litakutetea mbele ya mnunuzi kuliko maneno ya dalali. Na iwapo wanunuzi wa Daudi, Dongobesh na Katesh wataanza kuuliza daftari kabla ya kuuliza namba, wauzaji watajifunza kulitunza. Soko hufuata anachouliza mwenye fedha.