Ulinzi wa Bahari Huanzia Bara

Huenda wako wasomaji wetu wa Korogwe na Handeni watakaocheka wakiona kwamba leo ukurasa huu unazungumza habari za walinzi wa bahari ya Zanzibar. Watasema: Sisi ni watu wa mkonge, wa mahindi na wa ng'ombe; mambo ya mawimbi yatuhusu nini? Ndugu, twaomba mtusikilize kwanza. Maji yapitayo Korogwe na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale hayakomei hapo. Hushuka mpaka Pangani, yakaingia bahari ile ile inayopiga fukwe za Unguja na Pemba. Na njia ifuatwayo na maji ndiyo iliyofuatwa na mali, na zamani hata na watu.

Yafaa tukumbushane historia, kwani asiyejua alikotoka hawezi kujua aendako. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliingia Uzigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, na wengi wao wakaishia ndani ya majahazi yaliyowachukua utumwani mpaka pwani ya Somalia. Wajukuu zao walikaa katika bonde la mto Juba vizazi kwa vizazi bila kuisahau lugha ya Kizigua. Vita vilipoizukia Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbia wakarudi katika nchi ya mababu. Wakapokelewa, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapata uraia wa Tanzania. Basi na aende Chogo yule anayesema kwamba bahari haimhusu mtu wa Handeni.

Korogwe nayo ina yake. Baada ya kufariki Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, ufalme wa Usambara uliingia katika vita vya ndugu. Semboja akaketi Mazinde, kwenye njia ya misafara, na mateka wa vita hivyo wakashushwa Pangani na kuvushwa usiku kwenda kwenye mashamba ya mikarafuu ya Pemba. Tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, na manowari za Waingereza zikafanya doria katika mkondo wa Pemba. Ulinzi ule haukuwa mchezo: mwaka 1881 nahodha mmoja wa manowari hizo, aitwaye Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipotaka kulikagua jahazi. Twajua pia kwamba hawakuwa walinzi wetu. Mwaka 1890 Uingereza iliitia Zanzibar chini ya himaya yake. Lakini funzo lililobaki ni letu. Bahari ilipofungwa, wachuuzi wa watu waliwapitisha watumwa nchi kavu kandokando ya pwani, kisha wakawavusha gizani. Maadamu bara palikuwa na muuzaji na kisiwani palikuwa na mnunuzi, boti za doria peke yake hazikuweza kuikata biashara ile.

Leo Zanzibar ina walinzi wake yenyewe. Ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ambacho kila mtu hukiita KMKM, chenye makao makuu Kibweni, Unguja. Vijana wengi wa bara hukifahamu kwa ajili ya timu yake ya kandanda, lakini mpira si kazi yake. Tangu miaka ya 1970 kazi yake imekuwa kuvilinda visiwa dhidi ya magendo, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 inakitaja miongoni mwa Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi. Kwa ufupi, ndicho kikosi cha ulinzi wa pwani cha visiwa vile, nacho hutazamiwa pia kuwaokoa watu wanaopatwa na maafa baharini.

Kikosi hiki kilizaliwa kwa sababu ya karafuu. Pemba iko yapata kilometa 50 tu kutoka bara, na ng'ambo ya mkondo ziko Shimoni na Mombasa. Katika miaka ya 1970 na 1980 Serikali ya Zanzibar ilikuwa mnunuzi wa pekee, na bei aliyolipwa mkulima ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile iliyopatikana katika soko la dunia. Yule mkulima aliyepanda juu ya mkarafuu na kuhatarisha shingo yake aliona kwamba gunia lake lina thamani kubwa zaidi kule ng'ambo. Adhabu zilikuwa kali, doria zilikuwapo, na hata hivyo karafuu ziliendelea kuvuka. Mwaka 2011, katika Serikali ya Rais Ali Mohamed Shein, ndipo ilipoamuliwa kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Bei ikapanda, na karafuu zikarudi kwa wingi katika maghala ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Tusemeje basi? Tuseme kwamba bei ya haki nayo ni boti ya doria, tena ni boti isiyotumia mafuta.

Twasema hivyo bila ya kuwadharau walinzi. Bei ya haki humwondolea mkulima mwaminifu kishawishi. Lakini tajiri wa magendo, ambaye hakupanda mti wala hakuchuma kikonyo, haongozwi na shida bali na tamaa. Huyo dawa yake ni ulinzi na sheria.

Sasa na tugeuke tuitazame njia ya kuja kwetu. Ushuru na bei za bidhaa kadha wa kadha hutofautiana baina ya visiwani na bara, na penye tofauti hapakosi mjanja. Sukari, mchele na mafuta ya kula huvushwa usiku na kushushwa katika zile zinazoitwa bandari bubu, mahali pasipo na gati wala afisa wa forodha. Pwani ya Pangani ina vijito vingi vya mikoko, na mashua haikosi pa kujificha. Lakini sukari hailiwi ufukweni. Hupakiwa katika magari ikaja barabara kuu, na barabara kuu ndiyo Segera, Korogwe na Mkata. Mwisho wa safari yake ni dukani kwetu na ndani ya kikombe chetu cha chai.

Hapa ndipo ndugu zetu wengine hukasirika. Husema: Mhariri, mimi ni kibarua wa shamba la mkonge, mshahara wangu unajulikana, nikipata kilo ya sukari kwa bei nafuu, nikatae kwa kuwapendeza matajiri wa viwanda? Swali hili ni la haki, wala hatutalijibu kwa kelele. Maisha ni magumu, na bei ya dukani yaweza kumtoa mtu machozi. Lakini ndani ya kiwanda hamna tajiri peke yake. Katika mashamba ya Mtibwa, ya Kilombero na ya Arusha Chini kuna wakata miwa ambao ni vibarua kama yeye, na kiwanda kisipouza hao ndio wa kwanza kurudishwa makwao. Ushuru usiolipwa ndio dawa inayokosekana katika zahanati ya kibarua yule yule. Zaidi ya hayo, chakula kisichopita mbele ya mkaguzi hakina mtu wa kuulizwa siku kitakapoleta madhara. Rahisi ghali, walisema wazee.

Wala tusiwape walinzi sifa za bure. Mlinzi anayezima taa yake ili mashua ipite, kisha akapokea bahasha asubuhi, ni mwizi kuliko yule mwenye mashua; kwani mwizi hakula kiapo. Na mlinzi anayempiga mvuvi maskini na kumwachilia mwenye shehena kubwa ameiaibisha sare yake. Wananchi watamsaidia mlinzi wanayemwamini. Wasiyemwamini watamficha habari.

Liko jambo la pili, kubwa kuliko sukari na karafuu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander, iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi ikiwa imepakia watu wengi kupita kiasi kilichoruhusiwa. Maiti waliopatikana mwanzoni walizidi mia mbili, na wasioonekana tena wakawa wengi zaidi. Hata mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai, 2012, meli ya Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, ikazama karibu na Chumbe. Wakati kama huo hakuna aulizaye ng'ambo hii ni ya nani. Mtu anayekufa maji hutazama kama ipo boti inayokuja. Na katika maafa ya Nungwi wavuvi walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuokoa, kwa vyombo vyao vidogo.

Vijana wetu wa Handeni na Korogwe huvuka bahari hiyo kwenda kutafuta kazi Unguja, na mazao ya mkoa wetu huvuka pamoja nao. Basi kikosi chenye boti ziendazo kasi, wazamiaji waliofunzwa na redio zinazosikika si fahari ya Wazanzibari peke yao. Ni uhai wa watoto wetu.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. KMKM ni ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar; Kamandi ya Wanamaji ya JWTZ, Polisi na wakusanyaji wa kodi wana maeneo yao ya kazi. Mpaka baina ya ofizi na ofizi umeandikwa katika karatasi. Mfanya magendo hauoni, ila hupenya hapo hapo. Yapasa wakuu wa pande zote mbili wakae meza moja, wapeane habari usiku ule ule, na siyo kwa barua za baada ya mwezi. Wapangao ushuru na bei wajue kwamba kila tofauti isiyo na sababu huzaa bandari bubu mpya. Wenye vyombo wasipakie kupita kiasi, na abiria naye akatae kupanda chombo kilichojaa, hata kama ameshalipa nauli. Nauli hurudi, roho hairudi.

Nasi wa bara tuna letu. Hatuna mashua wala bunduki, lakini tuna mkono wa kununua. Zamani walioshushwa Pangani hawakuwa na uchaguzi. Sisi tunao.