Mwuguzi Kiwandani Si Hasara

Wenye viwanda wengi wakiulizwa juu ya kuajiri mwuguzi mahali pa kazi hujibu upesi, "Kwani hospitali si ipo mjini?" Ipo, kweli. Lakini dawa kali ikimrukia mtu jichoni, jicho halingoji gari. Lataka maji safi papo hapo, yatiririke dakika 20 bila kukoma, ndipo apelekwe kwa daktari. Moyo ukisimama, ubongo waanza kuharibika kwa muda wa dakika 4 hivi. Dakika hizo si za daktari wa mjini. Ni za yule asimamaye karibu na mashine. Naye asipofundishwa, mwenziwe akiungua mkono atampaka dawa ya meno, ati apate kupoa!

Hata hivyo, kufunga vidonda ni nusu ya kazi, tena nusu ndogo. Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi. Aliwaasa madaktari wenzake wamwulize kila mgonjwa swali moja zaidi: Kazi yako ni nini? Hospitali yenye foleni ndefu mara nyingi haipati nafasi ya kuliuliza. Watu watatu wa kiwanda kimoja wakienda huko siku mbalimbali, kila mmoja na kikohozi chake, watarudi na chupa tatu za dawa. Mwuguzi wa palepale ataona kuwa wote watatu hufanya kazi katika chumba kimoja, chumba cha vumbi. Hapo chupa hazifai kitu. Yafaa vumbi lenyewe lizuiwe. Wachimba migodi walijue sana jambo hili, kwa maana vumbi la mawe hutia makovu mapafuni yasiyoponyeka, na mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa wepesi. Kumwagia mwamba maji wakati wa kuutoboa hupunguza vumbi hilo mno.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007, itakayo kamati ya usalama penye watu 20 au zaidi. Masanduku ya huduma ya kwanza nayo yapo ukutani. Lakini mengine yamefungwa kwa kufuli, na ufunguo anao karani aliyekwenda likizo!

Karakana ya watu kumi haiwezi kumlipa mwuguzi, nasi hatuidai. Yatosha wawili wapelekwe kwa Msalaba Mwekundu wakajifunze, wawili ili zamu ya usiku nayo iwe na mtu. Tena wakarudie mafunzo, maana mikono husahau.

Penye mwuguzi, wafanyakazi huuliza kwa haki: huyu alipwaye na tajiri, siri zetu atazipeleka wapi? Mkataba namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, wataka watu wa afya kazini wawe huru kabisa katika utaalamu wao, wasiamriwe na mwajiri wala na wafanyakazi. Tajiri aambiwe kama mtu afaa kazi fulani au hafai. Jina la ugonjwa libaki kwa mwuguzi.