Neno “tamu” pekee halimfai mgema

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu methali hii kama onyo kwa mgema mwenyewe, kwamba asivimbe kichwa kwa sifa za wanywaji. Ilinibidi nisafiri kwa garimoshi, siku moja tu, kutoka jijini Paris, ndipo nikatambua kuwa methali hiyo inamhusu pia, tena pengine zaidi, yule anayesifu.

Nilikuwa nimekwenda Ufaransa kuhudhuria kongamano la wanaisimu. Lilipomalizika tulibakiwa na siku moja kabla ya safari ya kurudi nyumbani, nasi, wahadhiri wanne kutoka Kenya, tukakata shauri kuitumia kwenda Reims, mji mashuhuri wa mkoa wa Champagne, unakotengenezwa mvinyo wa mapovu uitwao kwa jina la mkoa huo. Kwa kuwa walimu na wanafunzi wetu wengi hufika Paris kwa masomo na mikutano, nitaeleza kwanza jinsi safari yenyewe inavyopangwa, kisha nitasema lile lililonisukuma kuishika kalamu.

Jambo la kwanza ni kwenda kwa reli. Sheria ya Ufaransa hairuhusu dereva wa kawaida kufikisha nusu gramu ya pombe katika lita moja ya damu yake, na mtu anayekwenda kuonja hafai kushika usukani. Reims iko umbali wa kilomita 130 hivi kutoka Paris, upande wa kaskazini-mashariki. Tangu reli ya mwendo wa kasi ya upande huo ilipofunguliwa mwaka wa 2007, garimoshi huondoka stesheni ya Gare de l’Est na kufika kwa muda wa dakika 45 au zaidi kidogo. Tiketi inunuliwe mapema, maana aghalabu bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Tena msafiri aisome vizuri, kwa sababu kuna stesheni mbili: moja katikati ya mji, na nyingine nje kabisa, iitwayo Champagne-Ardenne TGV. Mwenzetu mmoja aliyejinunulia tiketi peke yake alishukia hiyo ya nje, ikambidi apande tramu kutufuata huku saa yetu ya miadi ikiyoyoma.

Nasema miadi, kwa kuwa huko mtu haingii kama aingiavyo baa. Kampuni kubwa za mvinyo hupokea wageni kwa makundi, kila kundi kwa saa yake na kwa lugha yake, na nafasi huombwa siku kadhaa kabla. Kampuni mbili kwa siku zinatosha: moja asubuhi, nyingine alasiri. Katikati ya hizo mbili ni lazima kula, kwani mwenye tumbo tupu haonji, hulewa tu. Wala si lazima kumeza. Mezani huwekwa chombo cha kutemea, na mwonjaji stadi hutema bila haya, ingawa nakiri kwamba sisi tulioona bei ya kuingia tuliona vigumu kutema tulicholipia.

Sikuandika haya ili kumshawishi mtu yeyote anywe. Wapo wasomaji ambao dini yao au hiari yao imewakataza, nami nawaheshimu. Mmoja wetu, mzaliwa wa Lamu tuliyezoea kumwita Ustadh, hakuonja hata tone, na bado siku yake haikupotea. Aliliona kanisa kuu la Notre-Dame, walimotawazwa wafalme wengi wa Ufaransa, kanisa lililopigwa mizinga na kuungua mwaka wa 1914. Aliiona shule iliyo karibu na stesheni, ambamo wajumbe wa Ujerumani walitia saini hati ya kusalimu amri tarehe 7 Mei 1945. Sidhani kuna mwalimu asiyesisimkwa akisimama katika jengo la shule ambamo hati kama ile ilitiwa saini.

Kisha tukashuka chini ya ardhi. Mji wa Reims umejengwa juu ya chokaa laini, na tangu zama za Warumi watu wamekuwa wakichimba huko mawe ya kujengea. Mashimo hayo leo ni maghala ya mvinyo, yenye baridi ya nyuzi kumi hivi kiangazi na kipupwe. Humo chupa hulazwa kwa miezi isiyopungua 15 kabla ya kuuzwa, mvinyo ukichachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, na mchachuko huo ndio uzaao mapovu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wenyeji walijificha humo, na watoto wao wakasomeshwa humo humo huku mizinga ikinguruma juu ya vichwa vyao. Tulinyamaza kimya tulipoelezwa hayo.

Tulipopanda juu kuonja, binti aliyetuongoza alimimina mvinyo katika bilauri, wala hakutuambia una ladha gani. Alitaka kila mmoja aeleze kwa utaratibu: kwanza jicho limeona nini, kisha pua imenusa nini, mwisho ulimi umeonja nini. Tena alituruhusu kutumia lugha zetu wenyewe, apate kuzisikia zinavyotamkwa. Mama mmoja wa Kiitalia alisema kwa muda wa dakika nzima, mikono nayo ikimsaidia. Zamu yangu ikafika.

“Mtamu,” nikasema.

“Na nini tena?”

“Mtamu sana.”

Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilifadhaika. Mimi niliyepata shahada ya uzamifu kwa kuchambua maneno nilikuwa nimeishiwa maneno mbele ya bilauri moja. Ubaya zaidi, neno lenyewe halikuwa kweli: mvinyo ule ulikuwa mkali na wenye uchachu, nami nilisema mtamu kwa maana ya kwamba umenipendeza. Hapo ndipo methali ya mgema iliponirudia. Mgema anayeambiwa “tamu” leo na kesho, kwa tembo zuri na kwa tembo baya, ana sababu gani ya kuacha kutia maji?

Alasiri, katika kampuni ndogo ya pili, tulipewa mvinyo mwekundu usio na mapovu, ambao mkoa huo pia huutengeneza. Nilijaribu kumweleza Ustadh jinsi ulivyonikausha kinywa na kuufanya ulimi uwe kama umepakwa vumbi. Hakusita. “Huo ni ukakasi,” alisema. “Hukuwahi kula ndizi mbichi wewe?” Neno nililolikosa lilikuwa katika lugha ninayoifundisha, na alilitoa mtu ambaye hakuinusa hata bilauri.

Msomaji anaweza kusema kwamba maneno ya waonjaji ni maringo matupu. Pingamizi hilo lina uzito. Mwanaisimu wa Marekani, Adrienne Lehrer, katika kitabu chake cha mwaka wa 1983 kuhusu mazungumzo ya wanywaji wa mvinyo, alionyesha kwamba wanywaji wa kawaida hutumia maneno mengi lakini hawakubaliani yanamaanisha nini. Mmoja akieleza, mwenzake hushindwa kuutambua mvinyo uliokusudiwa. Kwa hiyo wingi wa maneno peke yake si dawa. Miaka hiyo hiyo ya 1980 Ann Noble, wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, alitengeneza duara la istilahi za harufu za mvinyo na kuzifunga kwenye vitu ambavyo kila mtu anaweza kuvinusa: ndimu, asali, pilipili manga, majani makavu. Neno hupata thamani pale watu wanapoonja kitu kimoja na kukubaliana jina lake. Wafaransa wenyewe huandika “sec”, yaani kavu, juu ya chupa ya Champagne yenye gramu 17 hadi 32 za sukari katika kila lita. Kamusi haikusaidii hapo. Kinachokusaidia ni mapatano.

Katika garimoshi la kurudi tulichukua karatasi na kuanza kuorodhesha. Tuliandika chungu, chachu, kali, ukakasi, chapwa, dufu, kukolea, kunukia, kuchacha, kuvunda, shombo. Tulikumbuka kwamba wagema wa pwani yetu hutofautisha tembo tamu, lililogemwa sasa hivi, na tembo kali, lililokwisha kuchachuka. Kabla hatujafika Paris ukurasa ulikuwa umejaa. Kiswahili hakikuwa maskini. Maskini walikuwa sisi tulioacha maneno hayo yakae bila kazi.

Na hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu, nikianza na nafsi yangu. Niliporudi nyumbani nilifungua rundo la insha nilizokuwa nimezisahihisha kabla ya safari. Juu ya nyingi niliandika “kazi nzuri”. Juu ya nyingine, “nzuri sana”. Nilimkumbuka mwanafunzi mmoja mwenye kipaji ambaye kwa miaka mitatu nilimpa sifa hizo hizo, hata siku moja aliponiuliza, “Mwalimu, niboreshe wapi?” nikamjibu kwamba aendelee vivyo hivyo. Akaendelea vivyo hivyo. Tasnifu yake ilipokuja ilikuwa imejaa maji, na aliyeyatia ni mimi kwa mkono wake.

Mwalimu aseme basi kwamba hoja ya aya hii ni chapwa kwa sababu haina mfano, au kwamba hitimisho limekolea kwa sababu limerudi kwenye swali. Mwanafunzi naye asiridhike kuandika kwamba shairi “linavutia” au kwamba riwaya “imeandikwa vizuri”. Aseme jicho lake limeona nini, na sikio lake limesikia nini. Tena yafanywe darasani, insha moja mbele ya wote, mpaka mwalimu na wanafunzi wakubaliane wanapotumia neno moja kwamba wanakusudia jambo moja.

Haja hii haiishii shuleni. Tangu mwaka wa 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, mkoa wa zabibu, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ipo siku mgeni ataipanda asubuhi, aonje mvinyo wa huko na kuusikia ukielezwa kwa Kiswahili fasaha. Majina mawili ya kinywaji chenyewe tuliyaazima zamani: mvinyo kutoka kwa Wareno, divai kutoka kwa Wafaransa. Si aibu, kila lugha huazima. Aibu itakuwa kuazima pia maneno ya ladha, ilhali ukakasi na uchachu tunao vinywani tangu utotoni. Wakulima wa zabibu na wataalamu wa lugha wangekaa meza moja mapema, kabla lebo hazijaandikwa zote kwa lugha za wengine.

Ile karatasi ya garimoshini ningali nayo, nimeibandika ukutani mwa ofisi yangu, juu ya meza ninaposahihishia. Kila kalamu yangu inapotaka kuandika “nzuri sana”, huinua macho nikamkumbuka mgema.